Deki Mbili Dukani kwa Harith

Nimeuza asali madebe kumi na moja,
la kumi na mbili lilivuja njiani kutoka Sikonge.
Nikafunga fedha kwenye pindo la kanga,
nikashuka toka Isevya mpaka dukani kwa Harith
kununua deki.

Zilikuwa mbili juu ya kaunta ya kioo,
moja sanduku lake jekundu, nyingine la buluu,
zote kazileta mpwa wake kutoka Dubai,
zote zinajisifu picha kali.
"Kwa hii utahesabu masharubu ya mtu," akasema Masele, kijana wa dukani.
"Kwa hii utahesabu vinyweleo," akasema Harith.
Nikauliza: sahani ya huku inaingia kule?
Wakatazamana.
Haiingii.
Na ya kule ikija huku?
Inatemwa.

Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mkata mabehewa stesheni.
Tabora ndipo treni ya Dar inapopasuliwa usiku,
haya ya Mwanza, yale ya Kigoma,
na abiria aliyesinzia behewa lisilo lake
huamka akisalimiwa Kiha
wakati shemeji yake anamngoja Shinyanga.
Miaka ishirini na sita baba hakukosea behewa hata moja.
Kisha, mwaka themanini na sita,
akanunua deki ya Beta
kwa mhandisi aliyekuwa anahama,
wakati mji mzima, yaani zile nyumba nne zenye deki,
ulishapanda VHS.

Hakukubali.
"Beta picha yake imetulia," alikuwa akisema,
na ilikuwa kweli.
Ilitulia peke yake.
Hatukuazima kanda kwa mtu, wala mtu hakuazima kwetu.
Tulikuwa nazo tatu: mbili za karate,
moja harusi ya shangazi Nyamizi, kule Cheyo,
mama anacheza na sinia kichwani
mwaka mmoja kabla hatujamzika.
Halafu radi ya Novemba ikapita kwenye waya.
Deki ikatoa moshi kidogo,
kama mgeni anayekohoa kwa adabu,
ikanyamaza.
Fundi Sizya wa Ng'ambo aliifungua, akaifunga,
akasema kichwa chake hakipatikani hata Nairobi.
Kuku akaja kutagia juu yake.

"Dada, unachukua ipi?"
Nikasema: ile itakayokuwa hai mwakani.
Masele akanyooshea kidole jekundu.
Harith akanyooshea buluu.
Na hawa mchana wanakula ugali mmoja!

"Kwani runinga yako ni ya namna gani?"
Ya chogo, nikasema.
Harith akacheka mpaka akavua kofia.
"Kwa chogo, dada, zote mbili ni ukungu tu."
Akapanda kigoda, akashusha kutoka rafu ya juu
deki ya kawaida, nyepesi kama bakuli la plastiki,
jina la kampuni limekosewa herufi.
"Hii haichagui. Inakula sahani iliyokwaruzwa,
ya kuazima, hata ya kuchomwa gengeni."
Nikahesabu noti. Zilikuwa zinanata,
zinanuka nta.

Mvua zilipokatika nikapita tena pale.
Sanduku jekundu limekufa hukohuko lilikozaliwa,
Masele amelifanya kiti.
Sikufurahi.
Ipo nyumba mahali fulani, siijui,
yupo mtu ndani yake anawaambia watoto
kwamba picha ya hii imetulia.

Deki yangu inakula kila kitu
isipokuwa kimoja.
Jumamosi umeme ukikatika
naitoa kanda ya Nyamizi kwenye kopo la maziwa,
naianika kivulini ili ukungu usiile.
Nikiitikisa inagongagonga, koko, koko.
Mama yumo humo, kazungushwa kwenye gurudumu,
na sinia bado halijaanguka.